Hilali Kifuani

Picha ya kifua ni picha ya kivuli. Mwale hupenya mwilini, mfupa huukamata, moyo huupunguza nguvu, hewa huuacha upite, na kinachobaki kwenye filamu ni kumbukumbu ya yale yaliyozuiwa njiani. Ndiyo maana mapafu hutoka meusi, na ndiyo maana doa jeupe katikati ya weusi ule humshtua hata mtu asiyejua kusoma picha. Pale palipostahili kuwa na hewa pana kitu.

Doa ninalolizungumzia hapa ni la namna moja tu. Ni la mviringo, kingo zake safi, na ubavuni limezungukwa na uwazi mwembamba mweusi uliopinda. Wataalamu wa radiolojia huuita uwazi huo hilali ya hewa. Ukiuona mara moja huusahau, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu picha isiyosahaulika huja kichwani ikiwa imekwisha kubeba jibu lake.

Anayejifunza kusoma picha za kifua Afrika Mashariki hufundishwa jibu hilo mapema. Mgonjwa aliwahi kuugua kifua kikuu. Akatumia dawa, akapona, lakini vimelea vilikuwa vimekwisha kula sehemu ya juu ya pafu na kuacha tundu lisiloziba. Miaka inapita. Mbegu za fangasi wa aspergilasi, ambazo sote tunazivuta kila siku kutoka kwenye vumbi, nafaka na majani yanayooza, zinatua ndani ya tundu hilo, zinaota, zinajisokota pamoja na kamasi na seli zilizokufa mpaka zinakuwa donge. Donge linakaa chini, hewa inabaki juu, hilali inaonekana. Mgonjwa anakohoa damu, na nyumba nzima inadhani kifua kikuu kimerudi.

Ipo njia ya kulitambua donge hilo ambayo naistahi sana kwa wepesi wake. Mgonjwa hupigwa picha akiwa amelala chali. Kisha huombwa ageuke, alale kifudifudi, apigwe tena. Kwa kuwa mara nyingi donge halikushikamana na ukuta wa tundu, linaanguka. Lililokuwa upande wa mgongo sasa liko upande wa kifua, na hilali imehamia ng'ambo ya pili. Hakuna sindano iliyochomwa wala kisu kilichoshikwa. Mtu amejigeuza kitandani tu, na uzito wa donge lenyewe umetoa ushahidi.

Ukienda kaskazini mwa Kenya, Turkana, hilali ileile ina jibu jingine. Huko watu, mifugo na mbwa wanaishi pamoja kwa ukaribu, na mayai ya tegu mdogo wa mbwa yakimwingia binadamu hujenga kivimbe cha maji, mara nyingi kwenye ini, mara nyingine kwenye pafu. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa zaidi duniani na maradhi hayo. Utando wa kivimbe ukiachana na tabaka linaloufunika, hewa hupenya katikati, na picha huonyesha hilali. Daktari aliyezoea wagonjwa wa Lodwar, mji wa hukohuko Turkana, atamfikiria tegu. Aliyezoea wa Kibong'oto, kule Siha mkoani Kilimanjaro, ambako watu wenye kifua kikuu wametibiwa tangu miaka ya 1920, atafikiria fangasi. Simlaumu yeyote kati yao. Jicho la daktari hulelewa na wagonjwa aliowaona, na kwa siku nyingi za kazi yake malezi hayo humfaa.

Sasa aje mgonjwa wa tatu. Ni mwanamke wa miaka 40 au 50 na kitu. Havuti sigara na hajapata kuugua kifua kikuu. Amepigwa eksirei kwa sababu isiyohusiana na kifua kabisa. Labda anakwenda kufanya kazi Ghuba na lazima apeleke cheti cha afya, labda anaandaliwa kwa upasuaji wa kitu kingine. Kwenye picha lipo doa, na ubavuni mwa doa ipo hilali. Anageuzwa kifudifudi. Hakuna kilichosogea.

Mama huyo anaweza kuwa na uvimbe ambao madaktari wengi watastaafu bila kukutana nao. Unaitwa niumosaitoma ya kukakamaa. Huwapata wanawake kuliko wanaume kwa kiasi cha watano kwa mmoja, na wengi walioandikwa katika majarida ya tiba wanatoka Asia ya Mashariki: Japani, Korea, China. Karibu kila mara si saratani. Wengi hawana dalili yoyote, wachache hukohoa, wachache zaidi hukohoa damu. Na hata ndani ya ugonjwa huu adimu, hilali yenyewe ni adimu, maana kwa kawaida picha huonyesha doa la mviringo na basi. Kwa hiyo anayekutana na hilali hii amekutana na ugeni ndani ya ugeni.

Hewa hiyo imefikaje hapo? Yako maelezo mawili yanayotajwa, na yote mawili yana mantiki. La kwanza ni kwamba uvimbe huu umejaa damu na huvuja pembeni, damu ikajaa kwenye vifuko vya hewa vilivyouzunguka, kisha mgonjwa akaikohoa kidogo kidogo, na pale ilipokuwa damu pakabaki uwazi. La pili ni kwamba uvimbe unapokua hukibana kijia kidogo cha hewa kwa namna inayoruhusu hewa kuingia lakini isitoke. Kila pumzi inaacha kidogo nyuma, hadi uwazi unatokea kati ya uvimbe na pafu. Mimi huvutwa zaidi na maelezo ya damu, kwa sababu yanamfanya mgonjwa mwenyewe kuwa sehemu ya picha yake: kikohozi alichokipuuza mwaka mzima ndicho kilichochora mstari ule mweusi.

Damu hiyohiyo ndiyo iliyowapotosha hata wenye hadubini. Uvimbe huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956 na Averill Liebow, mwanapatholojia wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwa na mwenzake Hubbell. Liebow hakuwa mtu wa kutazama juujuu. Mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa madaktari wa jeshi la Marekani waliopelekwa Hiroshima kuchunguza bomu la atomiki lilifanya nini katika miili ya watu, na shajara aliyoiweka huko ilikuja kuchapishwa baadaye. Chini ya hadubini aliona nafasi zilizofurika damu na tishu ngumu iliyokakamaa, naye akaamua kwamba uvimbe umezaliwa na mishipa ya damu. Ulipewa jina kwa uamuzi huo na vitabu vikaufuata. Mpaka mwaka 2000 ndipo uchunguzi wa wagonjwa 100 ulipoonyesha kwamba aina zote mbili za seli zinazoujenga, za juu na za ndani, zina protini ya TTF-1, ambayo katika kifua ni alama ya seli za pafu lenyewe. Chimbuko lake halikuwa mshipa. Zilikuwa seli changa za utando wa njia ya hewa. Shirika la Afya Duniani liliuhamishia kwenye kundi lake la sasa mwaka 2015.

Ni karibu miaka 60. Mambo yote aliyoyaona Liebow yalikuwepo: damu ilikuwepo, ugumu ulikuwepo. Alichokosa ni njia ya kuziuliza seli zimetoka wapi, na alipoikosa akakiamini kile kilichokuwa kingi zaidi machoni pake. Nikisoma historia hiyo sioni aibu yoyote ndani yake. Naona jinsi kilicho kingi kinavyotutawala sisi sote, iwe ni damu kwenye kioo cha hadubini au kifua kikuu kwenye foleni ya wagonjwa.

Mwaka huohuo wa 1956 ambao Liebow aliueleza uvimbe huu, katika hospitali ya Groote Schuur jijini Cape Town, mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa ameazimwa kwa muda kusimamia vifaa vya mionzi. Hakuwa daktari. Akagundua jambo lililomkera: mionzi ya tiba ilikuwa ikipangwa kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu kimoja, wakati mfupa, mafuta, msuli na hewa kila kimoja hukamata mwale kwa kiasi chake. Akajiuliza kama inawezekana kupima mwili kutoka nje, pande zote, kisha kukokotoa kilichomo kila mahali ndani. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyemjibu. Kule Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield alifikia wazo hilo kwa njia yake, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipimwa kwa mashine ya CT katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli mwaka 1979. Nakumbusha sehemu ya Cape Town kwa makusudi, kwa kuwa mashine hii huzungumziwa Afrika kana kwamba ilitufikia tu kutoka kwa wengine.

CT ilifanya jambo ambalo eksirei haikuweza: ilikipa kila kipande cha mwili namba. Maji ni 0. Hewa ni −1000. Mafuta yako karibu na −100, nao mfupa mgumu unafika +1000 na kupita. Mtaalamu akiweka kishale juu ya doa, skrini humwambia namba yake, na kuanzia hapo mazungumzo yanabadilika. Tuseme doa la mama yetu linasoma 35 kabla ya dawa. Anachomwa dawa ya iodini mkononi, anahisi joto likipanda shingoni na kushuka kiunoni, anaambiwa avute pumzi aishike, kitanda kinaingia tena kwenye mashine. Sasa doa linasoma 110. Kitu kile kimekunywa damu. Donge la fangasi haliwezi kufanya hivyo, halina mshipa hata mmoja. Kivimbe cha maji pia hakiwezi. Mishipa ya pafu inaonekana imesukumwa pembeni, inapita juu ya mgongo wa uvimbe bila kukatika. Majibu mawili ya mwanzo yameondoka mezani.

Hapo ndipo haraka inapoweza kuua. Ndani ya tundu la kifua kikuu huweza kutokea kitu kingine kinachong'aa kwa dawa: ateri iliyolika ukuta na kuvimba, jambo alilolieleza daktari wa Denmark, Rasmussen, tangu mwaka 1868. Ukiichoma sindano kwa kudhani ni uvimbe, mgonjwa anaweza kufa kwa damu yake mwenyewe akiwa juu ya meza. Kwa hiyo kung'aa peke yake hakutoshi. Lazima iulizwe kitu kimeng'aa kama nini, sawasawa na ateri au polepole kuliko ateri, na tundu lilikuwepo kabla ya kitu hicho au limekuja nacho.

Pwani, mtu akisema ameuona mwezi mwandamo haitwi mwongo wala hakubaliwi papo hapo. Huulizwa: umeuona upande gani, ulikuwa juu kiasi gani, pembe zake zilielekea wapi, uliona na nani? Nimetamani sana kila ripoti ya picha ya kifua isomwe kwa adabu hiyo. Hilali imeonekana, sawa. Imekaa upande gani wa doa? Inahama mgonjwa akigeuka? Ukuta wake ni mnene au mwembamba? Nani mwingine ameitazama?

Swali la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu ya jaribio lililochapishwa mwaka 2013 na Trafton Drew na wenzake huko Marekani. Waliwaita wataalamu 24 wa radiolojia, wakawapa picha za CT za mapafu, wakawaambia watafute vivimbe vidogo. Ndani ya picha hizo walichomeka picha ya sokwe, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Wataalamu 20 hawakumwona. Vifaa vya kufuatilia mboni vilionyesha kuwa wengi wa hao 20 walimtazama moja kwa moja. Macho yao yalifika pale alipo, yakatua, yakaendelea na safari. Wala hawakuwa wazembe. Walikuwa hodari kiasi kwamba akili zao zilitupa kila kisichofanana na walichotumwa kukitafuta.

Nikilitazama jaribio hilo kwa macho ya zahanati zetu, naogopa. Sisi tumetumwa kutafuta kifua kikuu, na tumetumwa kwa haki, maana kinaua. Mgonjwa mwenye doa na makohozi yasiyoonyesha vimelea bado anaweza kuanzishiwa dawa za miezi sita kwa nguvu ya picha tu, na mara nyingi uamuzi huo huokoa maisha. Lakini yupo anayemaliza miezi sita na doa lake liko palepale, mkojo umekuwa mwekundu kwa dawa, ini limechoka, jirani wamekwisha kumtenga kikombe. Kisha anaambiwa dawa zimegoma, aanze upya kwa nyingine kali zaidi. Huyo ndiye ninayemwandikia. Uvimbe wake huenda usingemdhuru kamwe kama ulivyomdhuru utambuzi wake.

Mtu atasema dawa ya tatizo hili ni mashine kubwa zaidi. Kuna kipimo cha PET, ambapo mgonjwa huchomwa sukari yenye mionzi, na seli zenye njaa huonekana zikiwaka. Ni kipimo kizuri, ila saratani siyo pekee yenye njaa. Kifua kikuu huwaka. Fangasi huwaka. Na niumosaitoma, ambayo karibu kila mara haina madhara, nayo huwaka kiasi cha kumfanya daktari aandike neno la kutisha. Kuchukua kinyama kwa sindano nako kuna mtego wake. Uvimbe huu umejengwa kwa sura nne tofauti, sehemu moja imara, nyingine ya vidole vidole, nyingine ngumu, nyingine ya damu, na sindano hurudi na sura moja tu kati ya hizo. Kipande cha vidole kikifika peke yake kwa mwanapatholojia, kinafanana na saratani ya tezi za pafu. Hata kinyama kinachogandishwa na kusomwa harakaharaka mgonjwa akiwa bado mezani kimewahi kusomwa vibaya, na kwa sababu ya usomaji huo mtu akaondolewa sehemu kuu nzima ya pafu pamoja na mitoki yake. Jambo linalowatatiza zaidi wanapatholojia ni kwamba mara chache sana uvimbe huu hupatikana hata ndani ya mitoki hiyo, tabia tunayoijua kwa saratani, na bado haionekani kufupisha maisha ya mwenye nao.

Kwa hiyo namrudia yule mama, na sasa namuuliza swali ambalo halihitaji mashine yoyote. Mama, umewahi kupigwa picha ya kifua zamani?

Mara nyingi jibu ni ndiyo. Alipigwa alipoanza kazi, au alipojifungua kwa upasuaji, au alipoomba visa mara ya kwanza. Picha hiyo imo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, imejikunja pembe, ina alama ya maji ya mvua. Inaweza kuwa na uzito kuliko PET. Maana picha moja husema kitu kipo. Picha mbili husema kinafanya nini. Doa la milimita 20 likifika milimita 25, jicho halishtuki, linaona kitu kilekile, lakini ujazo wake umekwisha kuongezeka karibu maradufu, kwa kuwa mviringo hukua pande zote. Saratani nyingi za pafu zilizo imara huchukua kati ya mwezi mmoja na miezi kumi na mitatu hivi kufanya hivyo. Linalojiongeza maradufu ndani ya siku chache mara nyingi ni uambukizo. Nalo doa imara ambalo halijabadilika kwa miaka miwili kwa muda mrefu limehesabiwa kuwa halina shari. Hesabu hii ina mianya yake, najua: kuna saratani zinazokua taratibu, na niumosaitoma yenyewe huweza kuvimba ghafla ikivuja damu ndani. Ila ni hesabu inayotoka kwenye mwili wa mama huyu, wakati vipimo vingine vyote vinamlinganisha na watu ambao hajawahi kuwaona.

Kwa sababu hiyo inaniuma kuona tunavyozipoteza picha hizi. Zile za filamu zilikuwa mali ya mgonjwa, alibeba bahasha yake mwenyewe kutoka hospitali moja hadi nyingine. Siku hizi picha hubaki kwenye kompyuta ya hospitali, mgonjwa akapewa karatasi ya maelezo yenye mistari minne. Akihamia mji mwingine anaanza upya kama mtu asiye na jana. Ripoti yake mpya itaandikwa kwa uaminifu kabisa kwamba ilinganishwe na picha za awali, kama zipo. Mzigo wote uko kwenye hayo maneno mawili ya mwisho. Mgonjwa ana haki ya kuiomba picha yenyewe kwenye sidii au flashi na kuiweka pamoja na cheti cha kuzaliwa, na hospitali ina wajibu wa kumpa bila kumuuliza anaitakia nini.

Tofauti yake hupimwa kwa nyama. Pafu la kulia lina sehemu kuu tatu, la kushoto mbili. Daktari wa upasuaji anayeingia akiamini ana saratani mbele yake huondoa sehemu kuu nzima na mitoki, na ndivyo anavyopaswa kufanya. Anayeingia akijua doa hili lilikuwepo miaka sita iliyopita, dogo kidogo, bila hilali, kwa mwanamke asiyevuta sigara, ana sababu ya kusita na kutazama tena. Uvimbe huu una kingo safi, na mara nyingi hubanduka kwa urahisi kutoka kwenye pafu lililouzunguka. Anaweza kuutoa wenyewe na ukingo mdogo tu, aupeleke kwa mwanapatholojia ukiwa mzima na sura zake zote nne, na mama akapanda ngazi za nyumbani kwake mwezi unaofuata akiwa na karibu pumzi zote alizoingia nazo.